Nimwombee Kama Nani

Mama mdogo Zuhura alizikwa Jumanne baada ya sala ya Alasiri, na mimi nikafika Sumbawanga Jumatano mchana, nimechelewa kwa siku nzima. Basi nililopanda Mbeya lilikwenda kwenye lami tupu hadi mjini, na nilipokuwa nikitafuta kwa macho ule mteremko niliousikia ukitajwa kwa miezi nikiwa msichana, kumbe tulikuwa tumeshaupita na watu walikuwa wanateremka Mpui na mizigo yao. Sikuuona. Barabara wameinyoosha, milima wameikata, na abiria aliyekaa pembeni yangu, kijana mwenye waya za simu masikioni, hakuwa na habari kwamba mtu anaweza kuiogopa njia ile. Matangani nilipokelewa na Rukia, binti yake Mamdogo, ambaye nilimwacha hajafikisha miaka miwili na sasa ana watoto wakubwa. Alinikumbatia, akanionyesha pa kuweka begi, akaniletea chai. Tulipobaki wawili jikoni aliniuliza, bila hasira yoyote, "Dada Mwanaidi, wewe na mama mlikosana nini?" Mimi na mama yake tulikuwa tumeandikiana barua za sikukuu, na baadaye ujumbe wa simu, kwa zaidi ya miaka thelathini, salamu na dua tu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusema nije wala mimi sikuwahi kuomba kuja. Nilimjibu Rukia kwamba nitamweleza. Nilichomweleza ni hiki, na kuna mengine humu sikumweleza.

Habari za kwetu Tabora, na kwa nini nililetwa kuishi kwa dada mdogo wa mama, niziache. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza shule ya msingi muda mrefu, na kazi yangu ilikuwa kumlea Rukia na kumsaidia Mamdogo. Nyumba ilikuwa Katandala, mtaa wa hapohapo Sumbawanga, nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma, na mwenyewe alikuwa Mzee Sefu, ambaye sote tulimwita Baba mkubwa. Yeye na mkewe, Mama Salma, walikaa vyumba vya mbele. Mdogo wake, Idrisa, mume wa Mamdogo, alikaa vyumba viwili vya uani, na ndiye aliyeendesha lori la kaka yake. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, watu binafsi wameruhusiwa kununua mahindi na maharage kwa wakulima na kuyapeleka wanakotaka. Lori liliondoka na magunia, likarudi kutoka Tunduma na sabuni, vitenge, mafuta ya kula, betri za redio. Mama Salma alikuwa na tabia ya kuzipanga sabuni dirishani ndani ya stoo, mche juu ya mche, akazitazama, kwa sababu alikumbuka miaka ambayo tulifua kwa majivu. Tulikula vizuri: ugali wa ulezi, maharage, migebuka ya kukaushwa kutoka Ziwa Tanganyika, na Ijumaa wali. Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lijulikane mapema. Alikuwa akiita watoto wa jirani waje wale, na mara nyingi nyama ya sahani yake alinigawia mimi. Msikitini alikaa safu ya kwanza. Aliwahi kusema, tukila, kwamba zamani gari bovu lililala kwa sababu spea hazikuwepo, lakini haraka nayo haikuwepo. Alisema akicheka.

Asubuhi ninayoizungumzia ilikuwa ya mwezi wa saba, ule wakati ambao upepo wa Ufipa unapita chini ya mlango na kukaa chumbani kama mgeni. Mimi sala ilikuwa inanishinda. Sikuikataa, niliamka nikiitwa mara tatu, nikatawadha nusu nusu kwa sababu ya baridi, nikasujudu nikiwaza kurudi kitandani. Asubuhi hiyo Mamdogo alinituma uani nijaze birika. Nilikuwa nimeinama kwenye bomba la pipa, na lori lilikuwa limesimama upande wa pili wa ukuta mfupi wa jiko, na nikamsikia Idrisa akisema, "Kaka, breki hazishiki. Juzi nimeshuka kwa gia mwanzo mpaka mwisho."

"Zimekufa?"

"Hazijafa. Zinashika zikitaka."

Nilimsikia Baba mkubwa akiligonga tairi. Kisha akasema, "Wenzetu wameondoka jana na magari mawili. Mahindi yetu yakifika nyuma ya yao, nani atayataka? Nenda nayo taratibu. Ukifika Tunduma utamwona fundi."

 Niliisikia soli ya kiatu cha Idrisa ikikwaruza changarawe. "Haya, kaka," akasema. Nilipoinua kichwa nilimwona Mamdogo amesimama kwenye mlango wa jiko na chupa ya chai mkononi na chapati alizozifunga kwa kitambaa, na nikajua kwamba ameyasikia yote kama mimi. Tulitazamana. Akaniambia, "Maji yanamwagika, Mwanaidi." Birika lilikuwa limejaa na maji yalikuwa yananimwagikia miguuni, na mimi sikuwa nimeyasikia.

Habari ilikuja baada ya Adhuhuri. Idrisa alisimama Mpui akachukua abiria wanne, wakapanda juu ya magunia kama watu wote walivyosafiri wakati ule. Mbele ya Mpui, kwenye mteremko wa kuelekea daraja, lori lilimshinda. Abiria watatu walitupwa majanini, wakavunjika mikono na mbavu. Wa nne, binti wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Felista, aliyekuwa anakwenda kwa mjomba wake Mbeya kujifunza kushona, aliangukiwa na magunia. Idrisa walimtoa kwenye kichwa cha gari akiwa ameshakufa. Polisi waliandika kwamba dereva alishindwa kulimudu gari kwa sababu ya mwendo, na kwa kuwa dereva mwenyewe alikuwa marehemu, hakukuwa na wa kushtakiwa. Baba mkubwa aliingia kaburini kumpokea ndugu yake kwa mikono yake, na wanaume waliorudi walisema ilibidi washikane kumtoa. Nilimwona uso aliporudi. Siku zile tatu za matanga alikonda kama mtu aliyeugua mwezi.

Mamdogo akaanza eda, miezi minne na siku kumi, katika chumba chetu cha uani. Kilikuwa na kitanda kimoja, godoro langu na Rukia sakafuni, sanduku la bati, na dirisha dogo lililotazama ukuta. Alivaa nguo nyeupe za bafta ambazo Mama Salma alimshonea. Wanawake waliingia kumsalimu. Baba mkubwa alipokuwa na neno, alisimama nje ya pazia akalisema. Wiki ya kwanza Mamdogo hakuweza kuinuka. Hakulia kwa sauti. Alilala ubavu, uso ukutani, na chakula nikakirudisha kama kilivyokuja. Asubuhi ya nane alisema, bila kugeuka, "Nipashie maji." Nilipasha maji kwenye jiko la mkaa, nikayachanganya kwenye birika, nikamletea na beseni. Nikammiminia mikononi, akasukutua, akanawa uso, mikono, akapaka maji kichwani, na miguu nikamwosha mimi kwa sababu kuinama kulimpa kizunguzungu. Nikamtandikia mkeka. Alisali ameketi. Nami nikiwa nimesimama pale na beseni la maji machafu niliona aibu kumwacha asali peke yake, nikaenda kumwaga maji, nikatawadha, nikarudi nikasali kando yake.

Ndivyo ilivyoanza. Watu waliponiuliza baadaye jinsi nilivyoshika dini, walitaka niwaambie ndoto au shehe fulani. Hakuna. Kulikuwa na mkaa ambao haukutaka kushika kwa sababu ya unyevu, kulikuwa na birika, kulikuwa na vidole vyangu vilivyopasuka kwa baridi, mara tano kila siku. Sikuhisi nuru yoyote. Magoti yaliniuma na mara nyingi nilisahau ni rakaa ya ngapi. Siku zangu za mwezi zilipofika, siku ambazo mwanamke hasali, niliendelea kupasha maji na kutandika mkeka, kisha nikakaa kwenye godoro na kumtazama Mamdogo akisali, na mara ya kwanza ilipotokea hivyo niligundua jambo lililonishangaza: mwili wangu ulikuwa unataka kuinama. Nilikuwa ninaikosa sala kama mtu anavyokikosa chakula cha saa fulani. Mamdogo naye hakunifundisha kitu. Alikuwa na hasira na Mungu, nafikiri, na alikuwa akimtimizia kila kitu kwa hasira hiyohiyo, kwa wakati wake, bila kupunguza. Nilimsikia akisoma Fatiha kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake walichoagana. Na hiyo Fatiha ndiyo iliyoanza kunisumbua. Sala tano zina rakaa kumi na saba za faradhi, na katika kila rakaa mtu anaomba aongozwe njia iliyonyooka. Mara kumi na saba kwa siku nilikuwa ninaomba hivyo, na nyuma ya meno yangu kulikuwa na maneno niliyoyasikia uani yakiwa yamekaa palepale.

Maana mitaani kulikuwa na maneno mengine. Niliyasikia kwanza kwa wanawake waliokuja kusaidia kuosha vyombo. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba watu wa Mpui wanasema dereva alikuwa amelewa. "Huyu Idrisa? Huyu wa msikitini?" "Hao ndio wanaojificha." Idrisa hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Nilidhani Baba mkubwa atakanusha. Nilimsikia Mama Salma akimweleza, na nikamsikia akijibu, "Waache waseme. Watachoka." Mamdogo alisikia pia; ukuta ule wa chumba chetu haukuzuia kitu. Siku moja nilipokuwa ninamsuka nilimuuliza, "Mamdogo, kwa nini tusiseme?"

"Tuseme nini?"

"Alichosema Baba mdogo kuhusu breki."

Alikivuta kichwa chake mbali na mikono yangu. "Useme kwa nani? Na ukishasema, uingie stoo ya Mama Salma ukachote unga wa nani? Huyu mtoto tumpeleke wapi?" Rukia alikuwa amelala pale kitandani, mdomo wazi. Baada ya muda Mamdogo aliongeza, taratibu, "Mume wangu yuko kwa Mungu. Mungu anajua kwamba hakulewa." Nikaendelea kumsuka.

Mwezi wa nane mwishoni alikuja mwanamke mmoja mrefu, amejifunga kitenge kilichopauka, na kikapu cha maharage kichwani. Alisimama uani akaniuliza kama hapa ndipo kwa mjane wa dereva. Nilipomwambia ndipo, akasema, "Mwambie ni mama yake Felista, wa Mpui."  Nilidhani amekuja kutulaani, na nafikiri Mamdogo alidhani hivyo pia, kwa sababu alijiinua akaketi wima ukingoni mwa kitanda kama mtu anayesubiri kupigwa. Mama Felista aliingia, akaweka kikapu chini, akaketi mkekani. "Pole, mama," akasema. "Nimeshindwa kuja mapema. Nilikuwa siwezi kuipita ile njia." Mamdogo akasema, "Pole na wewe."  Mama Felista alikuwa Mkatoliki, mjane kwa miaka mingi, na Felista alikuwa mtoto wake wa pekee wa kike. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kifipa na alikitumia polepole, akichagua neno. Ilipofika Adhuhuri nilileta birika, nikaona aibu tena, nisijue kama tumwombe atoke. Yeye mwenyewe alijisogeza ukutani kutupisha, akatoa rozari kifuani, na tulipokuwa tunasali nilisikia midomo yake nyuma yetu. Tulipomaliza alikuwa bado anaendelea, na Mamdogo akamsubiri.

Tangu hapo alikuja kila alipoingia mjini kwa ndugu yake Milanzi, karibu kila wiki mbili. Alikula ugali nasi kwenye sinia moja. Alimpakata Rukia. Alimweleza Mamdogo jinsi Felista alivyokuwa akiogopa vyura, jinsi alivyojaza daftari zima kwa michoro ya magauni ambayo hakuna mtu Mpui angeyavaa. Mamdogo naye alianza kuzungumza, na kuna siku nilimsikia akicheka, kicheko kifupi, akajifunika mdomo. Sikuifurahia furaha ile. Kila mama yule alipopokea maji kwangu kwa mikono miwili na kuniambia "ahsante, mwanangu," nilitaka kukimbia. Mara moja tu, mwanzoni, aliuliza kama gari lilikuwa zima, na Mamdogo akamjibu kwamba lilikuwa zima, kwamba ni mipango ya Mungu. Mama Felista alikubali kwa kichwa. Niliposali Alasiri siku ile nilifika kwenye yale maneno ya njia iliyonyooka nikakwama, nikayarudia mara tatu, kama kwamba ulimi unakataa kuapa uongo. Nilimaliza sala nikajilaza, nikadanganya kwamba ni homa.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilikuwa zimeanza. Eda ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Mama Felista alifika amelowa, miguu imejaa tope, nikampa kanga yangu ajifute. Hakutaka chai. Alimwambia Mamdogo, "Mama Rukia, nimekuja na swali, usinikasirikie." Mamdogo akamwambia aulize. "Mimi kila siku nasali rozari. Fungu moja, Salamu Maria kumi, ni la mume wako. Nilianza nikiwa sitaki, nilijilazimisha, nikasema huyu naye ana mama yake. Sasa nyumbani ndugu zangu wananicheka. Wanasema unamwombea mlevi aliyekuulia mtoto. Mimi sitaacha. Lakini nataka kujua namwombea nani. Nimwombee kama nani? Kama mlevi, nimwombee asamehewe? Au kama mtu aliyepatwa na ajali, kama mwanangu? Wewe ndiye uliyemjua."

Mamdogo alitazama mikono yake. Mvua ilikuwa inapiga bati na sauti ya Mamdogo ilitoka ndogo sana. "Mwombee tu," akasema. "Mungu atajua."

"Mungu anajua. Mimi ndiye sijui."

 Watu wakisikia habari hii hudhani nilipiga moyo konde, nikafanya ushujaa. Sikuwa shujaa na sikupanga. Nilikuwa nimekaa na Rukia mapajani, na maneno yalitoka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ninavyotamka yale maneno ya sala kila alfajiri. Nilisema, "Hakuwa amelewa. Hakuwa anakunywa pombe. Gari lilikuwa halina breki, na alisema kabla hajaondoka."

Mama Felista aligeuka kunitazama. "Alimwambia nani?"

"Baba mkubwa. Nilikuwa uani. Alimwambia breki hazishiki, akaambiwa aende taratibu."

Mamdogo alikuwa amefumba macho. Mama Felista hakuniuliza tena mimi. Alimwambia yeye, "Na wewe ulijua?" Mamdogo akafumbua macho, akasema, "Nilijua." Yule mama aliinuka. Aliikunja kanga yangu aliyojifutia, akaiweka juu ya sanduku vizuri, pembe kwa pembe. Akafika mlangoni, akasema akiwa ametupa mgongo, "Ulikuwa unakula na mimi." Kisha akatoka kwenye mvua. Rozari yake nilikuwa nimeizoea mpaka nikawa nasikia shanga zake akitembea, na siku ile nilizisikia hadi kwenye geti.

Alikwenda polisi na ndugu yake wa Milanzi. Waliwaambia faili limefungwa. Lori lenyewe lilikuwa limeshatengenezwa, lina breki mpya na dereva mwingine, na kipindi kile lilikuwa njiani kurudi na shehena ya mafuta ya kula. Kesho yake jioni, habari ikiwa imemfikia, Baba mkubwa aliniita sebuleni. Mama Salma alikuwa amekaa pembeni na hakuinua uso. Niliamkia, "Shikamoo, Baba mkubwa," akaitikia. Aliniuliza ni nani aliyenituma. Nikasema hakuna. Akauliza kama niliyoyasema niliyasikia kwa masikio yangu. Nikasema ndiyo, nilikuwa ninajaza birika. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti, akaitazama. Kichwa chake kilikuwa kimeota mvi ambazo mwanzoni mwa mwaka hazikuwepo.

"Basi umesema kweli," akasema. "Mimi siwezi kukwambia umesema uongo. Lakini humu ndani hutaweza kukaa. Kila nikikuona uani nitajua unanisikia." Alivaa kofia yake akatoka, kwa kuwa adhana ya Magharibi ilikuwa inaita, na Mama Salma akaniambia nikafunge vitu vyangu.

Nilisafiri siku ya tatu kwa gari la Mpanda, nikachukue treni ya Tabora. Ile siku ya katikati Mamdogo hakusema nami. Nilimpashia maji, akatawadha, nikamtandikia mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu Idrisa afe alinisubiri niondoke chumbani ndipo akasali. Asubuhi ya safari alikuwa bado ndani ya eda, hakuweza kunisindikiza hata getini. Nilimbusu Rukia. Nikainama kumpa mkono Mamdogo, akaupokea, akaushika, na akaniambia neno ambalo nimeishi nalo: "Wewe umenawa, Mwanaidi, unaondoka zako. Mimi umeniachia maji machafu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenieleza kilichotokea.  Njiani gari liliharibika, tukateremka, na wakati wa Adhuhuri nilisali peke yangu kando ya barabara, juu ya kanga, nikingojea angalau wepesi fulani wa mtu aliyesema kweli. Sikuupata. Nilikuwa mtoto aliyefukuzwa, aliyemwacha mjane kwenye nyumba ya watu, na binti wa Mpui alikuwa bado amekufa. Nilisali Alasiri vilevile, na Magharibi, kwa sababu sikujua tena kuishi siku bila kuzisali, na tangu siku ile sijajua. Hayo ndiyo yote niliyopewa mwaka ule. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilipewa mimi peke yangu.

Sehemu hiyo Rukia ndiye aliyenisahihisha. Nilipomaliza kumweleza alikaa na vikombe mikononi, kisha akasema, "Kwa hiyo ndiyo sababu ya Mpui." Sikumwelewa. Akanieleza kwamba siku mama yake alipotoka eda hakwenda kwa ndugu wala sokoni. Alimfunga yeye mgongoni, akapanda gari hadi Mpui, akaketi nje ya nyumba ya mwanamke mmoja. Hakukaribishwa. Alikaa hadi jioni akarudi. Mwezi uliofuata akaenda tena. Rukia alikua akilijua hilo kama sehemu ya maisha, kwamba kila mwezi mama huenda Mpui, hukaa kwenye jiwe chini ya ukuta, husali sala zake hapo hapo, hurudi. Ilichukua zaidi ya miaka miwili ndipo mlango ukafunguliwa, na hata hapo hakupewa kiti. Alipewa jembe, wakaenda kupalilia maharage bila kusemeshana. Baba mkubwa alimkataza, kisha akaacha kumkataza, na alipokuwa anaumwa maradhi ya kufa aliomba naye apelekwe Mpui, lakini akafa kabla. Mamdogo aliendelea hadi miguu ilipovimba. Katika barua zote zile hakuniandikia neno hata moja kuhusu safari hizo. Nami nilikuwa nikimhurumia kutoka mbali kama mtu niliyemwacha gizani.

Alhamisi, baada ya Adhuhuri, tulikuwa tumeketi mikekani chumbani, wanawake kama ishirini, tunasoma Kurani, uani wakipika. Watu wa mlangoni wakaanza kujisogeza. Aliingia kikongwe mrefu aliyepinda mgongo, ameshikwa na wajukuu wawili, na rozari shingoni, na wanawake wa Kiislamu wa mtaa ule wakampisha kama wanaompisha mwenye msiba, wakimpa pole mmoja mmoja kwa jina lake. Rukia aliinuka kumpokea. Mama Felista alimshika uso kwa mikono miwili. Kisha akatazama chumba kutafuta pa kukaa, na macho yake, yenye utando sasa, yakanifikia mimi yakabaki. "Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni dada Mwanaidi," Rukia akasema. "Yule wa Tabora."

Niliinuka nusu kumwamkia. Aliitikia shikamoo yangu. Aliniangalia muda mrefu, midomo yake ikisogea kidogo bila sauti. Nilisubiri aseme alichokibeba miaka yote hiyo, na nilikuwa tayari kukipokea, chochote kile.

"Sogea nikae," akasema.

Nikasogea.